Deni la Gorogoro: Jinsi ya Kusoma Bei ya Pesa Iliyomo Simuni

Mwezi uliopita, nikingoja zamu yangu kwenye kibanda cha mboga karibu na steji ya Kangemi, nilimsikia kijana akimwambia mwenzake kwamba yeye hadaiwi na mtu yeyote, ila amefuliza tu kidogo, yaani ametumia huduma ya Fuliza kwenye simu. Mwenzake alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba hayo ni mambo mawili yaliyo mbalimbali. Mama mwenye kibanda, aliyekuwa akikatakata sukuma wiki, aliwatazama akauliza, "Sasa wanangu, kama pesa ikiingia inakatwa kwanza, hilo si deni?" Hakuna aliyempa jibu.

Swali lake lilikuwa la haki, na mkanganyiko wa vijana wale ni wa watu wengi. Tumekuwa na pesa katika simu tangu Machi 2007, Safaricom ilipoanzisha M-Pesa, na mtoto aliyezaliwa mwezi huo sasa ni mtu mzima mwenye kitambulisho. Katika muda huo majina ya huduma yameongezeka upesi kuliko maelezo yake, hata mtu anaweza kuwa na madeni matatu katika simu moja na kuyaita kwa majina matatu, bila hata moja kati yake kuwa na neno deni.

Kwa hiyo tuanze na maana. Mkopo ni pesa ya mtu mwingine unayopewa uitumie kwa muda kwa ahadi ya kuirudisha. Riba ni bei ya muda huo, na huhesabiwa kwa asilimia ya kiasi ulichochukua. Ada ni malipo ya huduma. Huweza kutajwa kwa shilingi au kwa asilimia, na mara nyingi haipungui hata ukirudisha pesa mapema. Ovadrafti ni ruhusa ya kutumia zaidi ya salio ulilo nalo, kisha kilichozidi kikakatwa pesa inapoingia. Elimu ya fedha, ambayo katika semina nyingi hugeuzwa kuwa mawaidha ya kuweka akiba, ni uwezo wa kuzitazama bei hizi zote na kujua ipi ni ghali na ipi ni nafuu kabla ya kubonyeza nambari ya siri.

Fuliza, iliyoanza Januari 2019 kwa ushirikiano wa Safaricom na benki mbili, ni ovadrafti hasa kwa maana hiyo. Jina lake limechaguliwa kwa ustadi, kwani katika Kiswahili kufuliza ni kuendelea na jambo bila kusita, na ndivyo huduma yenyewe inavyofanya: malipo yako hayakwami kwenye duka la dawa kwa sababu umepungukiwa na shilingi arobaini. Hata hivyo, pesa iliyoyaendeleza malipo hayo si yako, ina bei, na lazima irudi. Mama wa Kangemi alikuwa sahihi.

Sasa tuingie kwenye bei, na hapa anayelijua soko la Marikiti hahitaji darasa la uchumi. Gunia la mahindi la kilo 90 hutoa takribani gorogoro 45, kwa kuwa gorogoro moja ni kama kilo mbili. Kila mnunuzi anafahamu kwamba ukizidisha bei ya gorogoro kwa 45 utapata pesa nyingi kuliko bei ya gunia. Anayenunua gorogoro hana ujinga wowote. Pesa ya gunia hana leo, na watoto watakula leo. Lakini anajua wazi kwamba analipia udogo wa kipimo. Mikopo ya simu ni pesa inayouzwa kwa gorogoro. Tunapotea pale tunapochukua bei ya gorogoro ya huku na kuilinganisha na bei ya gunia ya kule, tukaona ya gorogoro ni rahisi kwa sababu tu nambari yake ni ndogo.

Tuchukue mfano. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, ilipoanzishwa Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Tuseme benki inatangaza mkopo wa kawaida kwa riba ya asilimia 15. Anayesikia 7.5 na 15 kwa haraka ataona kwamba wa kwanza ni nusu ya bei ya wa pili, ilhali 7.5 ni ya mwezi mmoja na 15 ni ya mwaka mzima. Ukichukua shilingi 10,000 kwa ada ile ya mwezi, ukalipa, ukachukua tena kila mwezi kuanzia Januari hadi Desemba, utakuwa umetoa shilingi 9,000 kwa kutumia shilingi 10,000 zile zile. Kwa riba ya asilimia 15, hata kama ungekaa na pesa yote mwaka mzima, ungetoa shilingi 1,500, ukiacha ada nyingine za benki. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 30, 2022, uliwekewa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kwa hiyo shilingi 1,000 za siku 14 hugharimu kama shilingi tatu. Wengi huamini kwamba mfuko huo ni ghali kwa sababu anayeomba 1,000 hupokea 950 mkononi, wakidhani zile 50 ndizo riba. Zile 50 ni asilimia 5 inayokatwa na kuwekwa akiba kwa jina la mkopaji mwenyewe. Anaweza kulalamika kwamba hakutaka kuweka akiba siku hiyo, na malalamiko hayo yana msingi, lakini hilo ni jambo jingine.

Ovadrafti ina ugumu wake, maana sehemu kubwa ya bei yake hutajwa kwa shilingi kwa siku, kulingana na daraja la deni. Mwaka 2022 ada za Fuliza kwa madeni madogo zilishushwa, na wenye deni lisilozidi shilingi 1,000 wakapewa siku tatu za kwanza bila ada ya kila siku. Viwango hubadilika, kwa hiyo tufanye hesabu ya mfano: ada ya kuanzia ni asilimia 1, kisha shilingi 6 kwa kila siku baada ya siku tatu. Mtu aliyepungukiwa na shilingi 800 akalipa siku ya kumi na tatu atatoa shilingi 8 za kuanzia na shilingi 60 za siku kumi, jumla 68. Shilingi 68 haimtishi mtu aliyezoea nauli za Nairobi jioni ya mvua. Lakini ni asilimia 8.5 ya deni kwa siku kumi na tatu, na mwaka mmoja una vipindi kama hivyo ishirini na vinane. Akifanya hivyo mfululizo, bei inapita asilimia 230 kwa mwaka. Tena, kwa kuwa shilingi 6 ni zile zile kwa mwenye deni la 550 na kwa mwenye deni la 950 katika daraja moja, mwenye kukopa kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila shilingi aliyokopa. Ni gorogoro tena.

Kuna wanaoishia hapo na kutangaza kwamba mkopo wa simu ni sumu. Sikubaliani nao. Mwuzaji wa nyanya aliyeamka saa kumi alfajiri, akafika Marikiti akakuta amepungukiwa na shilingi 800 za kukamilisha kreti, akafuliza, akauza, na kufikia jioni deni limejikata, amelipa shilingi 8 kwa siku ya biashara ambayo bila hizo angeikosa. Kwake ile asilimia ya mwaka haina uzito, kwa sababu hakukopa kwa mwaka. Jirani yake aliyefuliza shilingi 800 hizo hizo ili kulipa deni la programu nyingine ya mikopo, ambalo nalo lilichukuliwa kulipa la kabla yake, anaishi ndani ya ile asilimia ya mwaka bila kuiona imeandikwa popote. Huduma ni moja na ada ni moja. Ndiyo maana ninaamini kwamba, pamoja na kuuliza mkopo ni wa asilimia ngapi, mtu anapaswa kujiuliza pesa hiyo itarudi kwa njia gani na siku gani, na kama siku hiyo ina malipo mengine yanayoisubiri.

Swali hilo ni zito zaidi kwa ovadrafti, kwa sababu ya namna inavyolipwa. Hungoji siku ya kulipa. Pesa yoyote inayoingia hukatwa kwanza. Dada akituma shilingi 3,000 za madaftari ya watoto, mashine haijui kwamba ni za madaftari. Wengi husema wameibiwa, ilhali ni masharti waliyoyakubali, kwa skrini ndogo na kwa haraka, siku walipojiunga. Vilevile watu husema "nina elfu kumi na tano za Fuliza" kama wanavyosema wana magunia mawili ya mahindi ghalani. Kikomo hicho ni kiasi cha deni unachoruhusiwa kubeba. Kikiongezwa, hakuna shilingi iliyoongezeka katika mali yako.

Tuache mikopo kidogo, kwa kuwa hata asiyekopa analipia udogo wa kipimo. Mwaka 2023 ushuru wa huduma za kutuma pesa kwa simu ulipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15, na viwango vya M-Pesa vikarekebishwa. Kwa viwango hivyo, kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa wakala kulitozwa shilingi 29. Anayetoa 1,000 mara moja hulipa 29. Anayetoa 200 mara tano katika juma hilo hilo hulipa 145. Kila mara anapotoa 200, karibu shilingi moja katika kila saba inabaki njiani. Mtu akikupandishia bei ya unga kwa kiasi hicho utazunguka soko zima ukitafuta pengine, lakini ujumbe wa simu tunaufuta kabla ya kuusoma hadi mwisho. Kulipa kwa nambari ya till, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo, hakumtozi mnunuzi, wakati kumtumia mwuzaji huyo huyo kwenye namba yake binafsi kunakutoza, na akisema "tuma na ya kutoa" unalipa mara mbili. Sisemi tuwanyime wauzaji ya kutolea. Nao wana sababu zao, hasa pale mama wa mboga asipokuwa na till. Nasema tujue kwamba njia hizo tatu zina bei tatu.

Bado hatujafikia jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mazoea yetu mapya, nalo ni uzito wa pesa. Bibi yangu alifunga pesa kwenye pindo la leso, na fundo lilikuwa gumu kiasi kwamba alilifungua kwa meno. Kati ya kutamani kitu na kukilipia palikuwa na fundo hilo, na mara nyingi alibadili mawazo kabla halijafunguka. Noti ya elfu moja ikivunjwa, unaiona imevunjika. Salio la simu halivunjiki. Hubadilika tarakimu tu. Watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha mwaka 2001 jaribio walilofanya Marekani, ambapo watu walioalikwa kununua tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu kwa mnada, wakiambiwa watalipa kwa kadi, walitaja bei iliyofika kama mara mbili ya walioambiwa watalipa kwa pesa taslimu. Kadi si simu na Marekani si Nairobi, lakini yeyote aliyewahi kununua bando, tokeni za stima, chai na mandazi, na safari ya boda kabla ya saa nne asubuhi, kisha akashangaa salio, anajua ninachozungumzia.

Isidhaniwe kwamba natamani turudi kwenye leso. Tavneet Suri na William Jack, waliofuatilia familia za Kenya kwa miaka kadhaa, walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilisaidia takribani familia 194,000, kama asilimia 2 ya familia za Kenya, kutoka katika umaskini mkali. Sababu moja ilikuwa kwamba familia iliyopatwa na ugonjwa au kukosa kazi iliweza kupokea msaada wa ndugu wengi kwa haraka na kwa gharama ndogo, badala ya kungoja dereva wa basi abebe bahasha. Urahisi ule ule unaomaliza mshahara wa mtu mmoja mtaani Umoja, Nairobi, ndio unaolipia dawa za mzazi wake Kisii usiku wa manane. Kuuondoa urahisi huo si jibu.

Takwimu za uchunguzi wa FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu ya Kenya, Shirika la Taifa la Takwimu na FSD Kenya, zinaonyesha pengo lenyewe. Mwaka 2006, watu wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 84.8. Lakini walipopimwa afya yao ya kifedha, yaani kama wanamudu matumizi ya kila siku, wanaweza kuhimili dharura na wanawekeza kwa ajili ya kesho, waliofaulu mwaka huo wa 2024 walikuwa asilimia 18.3 tu. Ugumu wa maisha una mchango mkubwa hapo, na sitaki kumlaumu mtu asiye na kipato kwa kukosa akiba. Elimu haigeuki unga. Hata hivyo, idadi ya waliofunguliwa mlango ni kubwa mno ikilinganishwa na ya walio salama ndani ya nyumba, na nadhani sehemu ya pengo hilo ni bei tusizozisoma.

Kuna dhana nyingine mbili ninazokutana nazo kila mara. Ya kwanza ni kwamba pesa iliyobaki M-Pesa imewekwa benki na inazaa. Pesa hiyo huhifadhiwa kwa niaba ya wateja katika akaunti za udhamini kwenye benki, kwa hiyo haichanganywi na mali ya kampuni, lakini wewe hupati riba yoyote juu ya salio lako. Bei za bidhaa zikipanda kwa asilimia 5, shilingi 10,000 zilizolala humo mwaka mzima zitanunua vitu ambavyo mwanzoni vingenunuliwa kwa kama shilingi 9,520. Akiba ndani ya M-Shwari, kwa upande mwingine, imo katika akaunti ya benki, na amana za benki nchini zimewekewa bima hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Programu ile ile ya simu inakuonyesha vitu viwili visivyofanana hata kidogo kisheria.

Dhana ya pili ni kwamba CRB ni orodha ya wakosaji. Ofisi hizo za taarifa za mikopo huhifadhi kumbukumbu za wanaolipa vizuri na za wanaochelewa, na mkopaji yeyote wa taasisi rasmi anaweza kuwa na faili humo. Kinachodhuru ni taarifa mbaya, ambayo huweza kubaki hata baada ya deni kulipwa. Tangu Aprili 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 haliruhusiwi kuripotiwa kama taarifa mbaya, hivyo anayeambiwa kwamba ameharibiwa jina kwa shilingi 300 ana haki ya kudai maelezo. Kila mtu ana haki pia ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Na yule anayepigiwa simu na wakopeshaji wanaotishia kumwambia mwajiri wake au shangazi yake, ajue kwamba kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza jambo hilo. Nimewahi kupigiwa simu ya aina hiyo kuhusu deni la mtu niliyesoma naye, na hata leo nikimwona hunigeuzia uso kwa aibu ambayo hakustahili.

Mimi mwenyewe nilibadilika siku nilipoomba taarifa ya matumizi ya miezi mitatu kwenye simu yangu, nikakaa Jumapili mchana na kalamu, nikapigia mstari kila palipoandikwa ada. Sikukata starehe yoyote siku hiyo. Nilijumlisha tu, nikagundua kwamba nilikuwa nimelipia kutoa pesa zaidi ya nilivyolipia maji. Tangu hapo hutoa mara moja kwa juma, hulipa kwa till palipo na till, na pesa ya kodi naihamisha siku ile ile inapoingia ili isikae kwenye salio ninaloliangalia. Nimejiwekea fundo langu la leso.

Niliporudi Kangemi wiki iliyofuata, nilimweleza mama yule hesabu ya shilingi 68. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama ada hiyo ni ya siku au ya juma, kisha akaniomba nimwandikie kwenye kipande cha kadibodi: aliyefuliza 800 na kulipa jioni, 8, aliyelipa siku ya kumi na tatu, 68. Alikitundika kwenye msumari, kando ya mizani.